Fishi Iliyobaki Nyumbani: Historia ya Saratani, Madaftari na Maktaba Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Familia inapokimbia vita katika bonde la Ruzizi au kwenye mwambao wa Fizi, vitu inavyobeba vinajulikana: watoto, sufuria, mkeka, kitenge cha kujifunika, simu, na kadi ya mpiga kura, maana hiyo ndiyo kitambulisho. Fishi ya hospitali mara nyingi hubaki chini ya godoro. Kwa mwenye malaria hiyo si hasara kubwa. Akifika anakokwenda atapimwa tena kwa tone moja la damu na kupewa dawa. Lakini kwa mama aliyekwisha kuambiwa kwamba uvimbe wa titi lake unatakiwa kupimwa Bukavu au Bujumbura, fishi hiyo ndiyo safari yake yote. Ikipotea, anaanza upya mbele ya muuguzi asiyemjua, na miezi inapita.

Saratani, ambayo wengi Uvira huiita kansere, si kali zaidi kwenye mwili wa Mwafrika kwa sababu tu ni Mwafrika. Kinachotofautisha ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na 350,000 wakafa nayo. Kati ya kila vifo 100 vya namna hiyo, karibu 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na huu ni ugonjwa wenye chanjo, wenye kipimo rahisi, na unaotibika ukikamatwa mapema. Wanaokufa wengi wao walipata habari wakiwa wamechelewa, au waliipata habari na kukosa njia.

Historia ya Maziwa Makuu inaonyesha jambo moja kuhusu ugonjwa huu. Kila mara uliporudishwa nyuma, alikuwepo mtu aliyeandika, palikuwepo mahali palipotunza maandishi, na alikuwepo mtu wa kumsomea mgonjwa na kumwonyesha mlango wa kugonga. Kwa hiyo habari za saratani ni pia habari za madaftari na maktaba.

Madaftari ya Mengo

Wakati wa ukoloni, waganga wengi wa Kizungu waliamini kwamba saratani karibu haipo kwa Waafrika. Walisema ni ugonjwa wa watu wa mijini, wenye kula vizuri na kuishi miaka mingi. Neno hilo lilikuwa na madhara yake: ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na usioonekana hautengewi dawa wala fedha.

Jibu lilitoka Kampala. Daktari Albert Cook, mmisionari Mwingereza, alifika huko mwaka 1897, na mwaka huohuo hospitali ya Mengo ikaanzishwa. Cook na wenzake walikuwa na desturi moja njema: waliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa hali yake, kilichoonekana, na kilichofanyika. Daftari lilipojaa, lilihifadhiwa, na jingine likafunguliwa.

Miaka ikapita. Katika miaka ya 1950, mwanapatholojia J.N.P. Davies na wenzake wa Makerere walikuwa wameanzisha rejista ya saratani ya Kampala, mojawapo ya za kwanza barani Afrika. Kisha wakarudi kwenye maandishi ya Mengo na kuyasoma upya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1964 katika jarida la waganga wa Uingereza, yakihusu wagonjwa wa kuanzia 1897 hadi 1956. Saratani ilikuwepo tangu mwanzo. Wanawake na wanaume wa Buganda waliugua na kufa nayo wakati waganga wa Ulaya walipokuwa wakisema haipo.

Wagonjwa wale wa kwanza hawakupona kwa sababu ya daftari. Lakini bila daftari, wajukuu wao wangeendelea kuambiwa kwamba ugonjwa wao si wa kwao. Hadi leo maandishi ya Mengo yanatunzwa Makerere, katika maktaba ya waganga yenye jina la Albert Cook.

Karatasi yenye picha

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye akaona mtoto mwingine wa namna hiyo katika hospitali ya Jinja. Akaanza kupekua fishi za zamani za Mulago, na humo akakuta watoto wengi waliovimba taya, tumbo au jicho, kila mmoja akiwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa. Mwaka 1958 akaandika kwamba yote hayo ni ugonjwa mmoja. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Burkitt hakuwa na fedha za utafiti mkubwa. Msaada wake wa kwanza ulikuwa pauni 25 tu. Alichofanya ni kuchapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu mbalimbali za Afrika, akiuliza: je, mnauona ugonjwa huu kwenu? Majibu yalipofika, aliyaweka kwenye ramani. Oktoba 1961, yeye na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu, wakatoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Safari ilichukua wiki kumi na zaidi ya kilomita 16,000, wakipita hospitali hadi hospitali, wakiuliza na kufungua madaftari.

Ramani ikasema. Ugonjwa ulionekana mahali pa joto na mvua, na karibu na ikweta haukuonekana kwenye nchi za juu kupita mita 1,500 hivi. Yalikuwa ni maeneo yaleyale ya mbu na malaria kali. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliokuwa wakipima huko London vipande vya uvimbe kutoka Uganda, walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa watu wa Uvira hadithi hii haiko mbali. Uso wa Ziwa Tanganyika uko chini ya mita 800, na malaria haitoki. Kwa kipimo cha Burkitt, mwambao wote kutoka Kavimvira hadi Baraka uko upande wa hatari, na nyanda za juu za Itombwe ziko upande mwingine. Mzazi anayeona taya la mtoto linavimba haraka, meno yanalegea, au tumbo au jicho linatokeza, asifikirie jino tu wala kurogwa. Uvimbe huu hukua kwa siku chache, si kwa miaka. Habari njema ni kwamba unasikia dawa mapema kuliko saratani nyingi. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilionyesha kwamba watoto wengi wanaweza kupona kwa dawa bila kupasuliwa. Sharti ni moja: wafike mapema.

Lemera, mlima wa Uvira

Teritori ya Uvira nayo ina historia yake ya hospitali. Juu ya bonde la Ruzizi, Lemera, misheni ya Kipentekoste ya Uswidi ilijenga hospitali ambayo kwa miaka mingi ilipokea wagonjwa kutoka mlimani na bondeni. Hapo ndipo alipoanza kazi mwaka 1983 daktari kijana aliyesomea Bujumbura, Denis Mukwege. Alichokiona kwa wanawake waliofika wakiwa wamechelewa ndicho kilichompeleka Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, kisha kumrudisha Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilipoanza, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, wauguzi wakauawa, na hospitali ikaporwa. Mukwege hakuwepo siku hiyo. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, akitaka kwanza mahali pa akina mama kujifungulia salama, na dunia ikamjua baadaye kwa kazi ya kuwatibu waliobakwa. Alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Lemera inafundisha kwamba hospitali ikianguka, hazianguki kuta na vitanda tu. Unavunjika uzi kati ya mgonjwa na yule aliyemjua. Tangu siku ile uzi huo umekatika mara nyingi. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, maelfu ya nyumba ziliharibika na karatasi zilizokuwa ndani zikaenda na matope. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi, na Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira yenyewe. Mgonjwa aliyekuwa akienda Panzi kwa barabara ya RN5 alijikuta upande huu, na fishi yake upande ule.

Uvira iliwahi kufundisha dunia

Mtu anaweza kusema madaftari ni mambo ya Kampala. Sivyo. Kituo cha kutibu kipindupindu cha Uvira kilikuwa kikiandika kila mgonjwa aliyelazwa. Watafiti wakachukua hesabu za kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya hesabu za maji yaliyosukumwa kila siku kwenye mabomba ya mji. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015. Ulionyesha kwamba bomba likikosa maji, wagonjwa wa kituo huongezeka katika siku 12 zinazofuata. Kila mama wa Kalundu au Mulongwe anayekwenda kuchota ziwani alikuwa akilijua hilo. Lakini ni daftari lililoligeuza kuwa ushahidi ambao wenye fedha za mabomba walilazimika kuusikiliza.

Basi kuandika na kutunza si desturi ngeni hapa. Mji una kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, kilichoanza wakati wa Wabelgiji. Una vyuo, parokia na shule zenye makabati ya vitabu. Kila mtaa una reko, wale wajulishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Una redio. Kinachokosekana ni kamba ya kuviunganisha.

Mahali maktaba na afya vilipokutana

Kwingine kamba hiyo imefungwa, na mfano wa kwanza haukuanzia maktabani bali mtaani. Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, ulikuwa maskini katikati ya utajiri. Daktari mpasuaji Harold Freeman aliona wanawake wanafika hospitalini na titi lililokwisha kuoza. Kati ya wenye saratani ya titi waliotibiwa hapo kuanzia 1964 hadi 1986, ni 39 tu kwa 100 waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Freeman akafungua kipimo cha bure, na mwaka 1990 akaweka watu wa kumsindikiza mgonjwa: wa kumsomea barua, kumpangia siku, kumtafutia msaada wa malipo, na kumfuata nyumbani akikosa kuonekana. Kwa waliotibiwa kati ya 1995 na 2000, waliofika miaka mitano walikuwa 70 kwa 100. Ugonjwa ni uleule na mtaa ni uleule. Kilichoongezeka ni kupimwa mapema na mtu wa kutembea naye.

Maktaba za umma zikaingia katika kazi hiyo kwa sababu rahisi. Maktaba ina mlango wazi, haiulizi faranga, haiogopeshi kama hospitali, na ndani yuko mtu ambaye kazi yake ni kutafuta habari kwa niaba ya mwingine. Mwaka 2016, Philadelphia nchini Marekani, ilifungua jengo moja lenye maktaba, kliniki ya watoto, kituo cha afya cha mji na uwanja wa michezo. Karibu na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, maktaba za taifa za Kenya mjini Kisumu na Eldoret zilitenga pembe ya habari za afya yenye kompyuta, na wahudumu wa maktaba wakafundishwa kutafuta habari za kuaminika pamoja na watu wa hospitali.

Rwanda haikupitia maktaba, ilipitia shule. Mwaka 2011 ilianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima dhidi ya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Walimu walitoa orodha za darasa, na wahudumu wa afya wa vijiji wakawatafuta wasichana wasiosoma. Katika mwaka huo wa kwanza, zaidi ya wasichana 90 kwa kila 100 waliolengwa walimaliza dozi tatu. Orodha ya mwalimu na miguu ya mhudumu vilifanya kazi ambayo sindano peke yake isingeweza.

Na kuna habari inayowahusu Wakongomani moja kwa moja. Mwaka 2014, shirika la Maktaba Bila Mipaka lilipeleka Burundi, katika kambi za Kavumu na Bwagiriza walimokuwa wakimbizi wa Kongo, sanduku linaloitwa Ideas Box. Linafika kwenye gari likiwa limefungwa. Likifunguliwa, kwa dakika chache linakuwa chumba cha vitabu, kompyuta, tableti na filamu. Lilikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani, na waliolitumia ni watoto na wazazi waliotoka nchi hii. Halikutengenezwa kwa ajili ya saratani. Lakini lilionyesha kwamba mkimbizi anaweza kuwa na maktaba kabla hajapata nyumba.

Fishi ya Kifaransa, ugonjwa wa Kiswahili

Hapa ndipo kazi ilipo kwa mwambao huu. Fishi huandikwa kwa Kifaransa. Mama anausikia uchungu wake kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge au Kiswahili. Anapewa karatasi, anaikunja, anaiweka ndani ya kitenge, na neno lililomo ndani halijamfikia. Mara nyingine anadhani ameambiwa arudi, kumbe ameambiwa apelekwe mbele haraka. Chumba cha kusomea kanisani, shuleni au katika kambi, chenye mtu mmoja anayejua Kifaransa na reko mmoja anayejulikana, kingeweza kufanya alichofanya Freeman: kumsomea, kumwandikia, kumpangia, kumfuata. Na kingefanya alichofanya Cook: kutunza nakala. Sharti ni kwamba anayesoma afunge mdomo. Siri ya mgonjwa ikitoka nje ya chumba hicho mara moja, hakuna mama atakayerudi.

Kinachofaa kusomwa humo si kingi. Uvimbe wa titi usiouma ni wa kupimwa, maana wengi husubiri uume. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, si ya kuonea haya. Kidonda kisichopona, kumeza kwa shida na kukonda bila sababu ni vya kuonyesha mapema. Mlango wa kizazi unaweza kukaguliwa kwa siki: mkunga aliyefundishwa anaipaka, anangoja dakika moja au mbili, na sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe. Mwaka 2022 OMS ilisema dozi moja ya chanjo ya HPV inaweza kutosha kwa wasichana. Lengo la dunia, lililowekwa mwaka 2020, ni kwamba ifikapo 2030 wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 kwa 100 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Kila mzazi anayo haki ya kuuliza kituo chake cha afya: sisi tumefika wapi?

Kwa familia iliyo njiani, au inayojua kwamba huenda kesho ikawa njiani, historia hii yote inaishia kwenye jambo dogo. Piga picha ya fishi kwa simu, kurasa zote, na uitume kwa ndugu aliye mahali pengine. Karatasi yenyewe iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Jina la ugonjwa lililoandikwa humo liulizwe na likaririwe kama linavyokaririwa jina la kijiji. Mkifika, kabla ya kuulizwa mmetoka wapi, onyesheni mlichoandikiwa.

Wagonjwa wa Mengo wa mwaka 1897 hawakujua kwamba mistari michache juu yao ingewasemea miaka zaidi ya sitini baadaye. Mama wa Sange au wa Baraka hahitaji kungoja sitini. Anahitaji karatasi yake isipotee, na mtu mmoja wa kumsomea.